Insha Niliyoandika Mara Mbili

Juzi nilizikuta chini ya sanduku la mama, nikazinusa kabla ya kuzisoma: karatasi za mtihani zilizopigwa sitensili, na ule wino mweusi wenye harufu ya mafuta ya taa uliokuwa ukituchafua viganja. Papo hapo nikawa tena msichana wa kidato cha sita pale Kakamega, nimezikodolea macho alama zangu nne juu ya ishirini na tano.

Niwaambie ukweli, fasihi ya Kiingereza ilinichanganya tangu siku ya kwanza. Maneno niliyajua. Watu wa vitabuni ndio walionishinda: wanatembea mvuani kwa kupenda, wanamsimulia mbwa shida zao. Hayo yote niliyameza, mpaka tulipofikia riwaya ya mwaka wa mwisho. Mgane mmoja Mwingereza aliishi nyumba moja na mama mkwe wake, wakala meza moja, na katika sura ya mwisho mama mkwe huyo alipougua, jamaa akambeba mikononi, akapanda naye ngazi hadi kitandani. Darasa zima tulifunika vitabu kwa aibu. Kwetu mama mkwe humpi hata mkono. Ukimwona njiani unaingia kichakani umpishe.

Swali lilitutaka tueleze jinsi mwandishi anavyotuandaa kwa sura hiyo. Nikaandika kurasa tatu kuthibitisha kwamba jamaa alianza kurukwa na akili katika sura ya pili, alipopokea kikombe cha chai kutoka mkononi mwa mkwe. Nilijiona wakili kabisa. Mwalimu Andayi aliandika kwa kalamu nyekundu kwamba kitabu nimekisoma kichwa chini, miguu juu.

Kilichozidi kunivuruga ni kwamba mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa Butere, Mluhya kama sisi. Aliposema mbele ya darasa kwamba yule mgane alisukumwa na upendo, nilisimama.

"Mwalimu, wewe unaweza kubeba mama mkwe wako?"

Wenzangu waliinama hadi mapua yakagusa madawati. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Utaandika upya, ulete Jumatatu. Nikiona huo wazimu tena, hili somo utaliacha."

Bila somo hilo chuo kikuu kingenipita, nami nilikitaka kuliko chakula.

Ilikuwa wikendi ya kwenda nyumbani, basi nikaibeba insha yangu hadi Kabras. Miaka ile sukari ilikuwa imewapandisha watu kichwa, na kila mtu alipanda miwa hadi mlangoni. Kati ya kwetu na kwa nyanya, mama yake mama, ilibaki njia moja nyembamba yenye miwa kila upande. Jumamosi mimi na baba tukiipita njia hiyo tulimkuta nyanya ameketi chini. Alikuwa amejikwaa akaanguka.

Baba aligeuka pale pale, akampa mgongo.

"Uliza mama ameumia wapi," aliniambia.

Nyanya alikuwa hatua kumi tu, na alisikia kila neno. "Ambia huyo mtu ni mguu. Na asikuwange anatembea kwa jua bila kofia."

Nikayapeleka maneno, nikayarudisha. Baba alivua koti lake, akaliweka chini na kusogea mbali ili nilichukue nimfunike nyanya, kisha akakimbia kuita wanawake. Walikuja wanne, wakambeba kwa blanketi hadi zahanati. Baba hakuonekana tena. Nililia kwa hasira. Mzungu wa kitabuni alimbeba mkwe wake, na baba yangu, mwenye mabega ya kupakia trela ya miwa, alikuwa ametoroka. Na bado najua, angembeba ningekufa kwa aibu. Sikujua nilitaka nini.

Katika insha niliyopeleka Jumatatu niliandika neno upendo mara kumi na moja bila kuliamini hata mara moja. Nikapewa alama kumi na nane. Nikafanya mtihani, nikapita, nikaenda chuo kikuu.

Nilikuwa nimeshakuwa mwalimu wa somo lilo hilo siku nyanya aliponiuliza, akicheka, kama niliwahi kujua baba alikuwa wapi siku ile. Alikuwa ndani ya miwa. Alipokwisha kuwaita wanawake aliingia shambani, akatembea sambamba nasi hadi zahanati, akijipenyeza mahali pasipo na njia.

"Nilikuwa namsikianga," nyanya alisema. "Tukipumzika, anasimama. Tukienda, anaenda."

Ndipo nilipoikumbuka jioni ile. Baba alirudi uso na mikono imechanwachanwa na majani ya miwa. Mama akamketisha, akampaka mafuta bila kumuuliza kitu. Mimi niliketi hapo hapo kando yao, kitabu mapajani, nikifungua ukurasa mmoja baada ya mwingine kutafuta mahali pa kuonyesha upendo, na sikuinua macho.