Alama Nyekundu kwenye Picha ya Felisita

Mwaka wa pili tangu watu wahamishiwe vijijini, Ng'washi mjane wa Bundala alifanya kazi zake zote sikio moja likiwa kwenye mlango wa uani, ule wa kwendea chooni. Apepete mtama, akate viazi vya kuanika michembe, azungumze na wageni, sikio halikubanduka pale. Mlango ukilia mara tatu tangu asubuhi hadi adhuhuri, alishukuru. Ukilia mara kumi, alichemsha maji, akatia chumvi na sukari kidogo, akangoja bintiye arudi ameshika ukuta.

Bintiye aliitwa Felisita. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, amemaliza darasa la saba, na kwa kujitolea alifundisha kisomo cha watu wazima. Aliwahi kuolewa Kalemela. Mwaka haukuisha, mume akamrudisha mwenyewe kwa baiskeli, akamshusha uani kama robota la pamba chafu, akasema, "Mayu, mama yangu, mtoto wenu anavuja." Ng'ombe kumi na wawili wa mahari wakarudi walikotoka, na ndama juu yake.

Alihara damu. Ilikuja mwezi mmoja, ikakaa kimya miwili, ikarudi na homa na maumivu ya magoti. Alimeza dawa za minyoo, za kichocho na za amiba. Mganga wa Ngulyati alipasua kuku, akamsoma matumbo, akasema bibi wa upande wa baba anadai mbuzi. Mbuzi akatolewa. Bibi alikula akashiba, damu ikaendelea.

Mwisho Ng'washi aliuza fahali wa pekee aliyebaki, wakapanda lori la pamba hadi hospitali kubwa ya ziwani. Daktari alimchungulia Felisita kwa kijitaa chake mahali ambapo mama mtu hakuthubutu kutazama. Wakarudi na vidonge vya manjano kwenye chupa, na barua ya Kiingereza.

Barua ilisomwa na Bwana Afya wa kata, kijana aitwaye Joakim, mwenye baiskeli ya serikali na saa ya mkononi ambayo aliitazama hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza saa.

"Mayu, wanasema utumbo wake mpana umevimba na una vidonda," alisema. "Hakuna mdudu aliyeingia. Ni mwili wake mwenyewe unaupiga utumbo wake."

"Mwili wake unampiga yeye?"

"Ndivyo walivyoandika. Na wanasema ugonjwa hautokani na uchafu, wala hauambukizi. Mkila bakuli moja, mkilala kitanda kimoja, hakuna kitu."

Ng'washi alimtaka arudie hayo ya mwisho. Joakim akarudia. Mama akatembea nayo kijiji kizima, nyumba kwa nyumba, akiyasema vilevile: bakuli moja, kitanda kimoja. Watu walimsikiliza kwa heshima, kisha mgongo ulipogeuka wakasugua kigoda alichokalia kwa majivu.

Masika yale watoto wawili walikufa kwa kuhara, wote katika nyumba kumi za balozi Mahona. Huyu Mahona alikuwa mtu mnene, mcheshi, hodari wa kukagua vyoo vya wenzake. Alimkuta Ng'washi kisimani mbele ya wanawake.

"Mwangaluka, mayu. Mtoto anaendeleaje? Bado ni bomba la kijiji?"

Wanawake wakacheka.

"Balozi," Ng'washi alisema, "nyumba kumi zako zina vyoo vitatu, na chako umehifadhia karanga. Usimtafute mwenye kosa kwangu."

Wakacheka tena, safari hii wakimtazama Mahona. Lilikuwa kosa lake kubwa, kumshinda kwa maneno mbele ya wanawake. Mahona alifuta jasho la shingo, akasema kwa upole kabisa, "Jumapili wanaume watakaa dagashida. Neno la mwanao litakuwemo."

Ng'washi alirudi na ndoo nusu. Alijua dagashida ni nini. Ni baraza la wazee tangu enzi za watemi. Serikali ilikuja na wenyeviti wake na mabalozi wake, lakini baraza halikufa. Likiitenga kaya, hakuna atakayeipa kaa la moto, wala maji, wala kuitikia salamu yake. Akifa mtu humo, hakuna mkono utakaoshika jembe. Na anayevunja amri hulipa mchenya, faini ya ng'ombe dume, wanaume wakamla siku hiyohiyo.

Joakim ndiye aliyeleta wazo la picha.

"Maneno yanapita, mayu. Picha inakaa ukutani. Felisita anajua kuchora, namwona anavyowachorea wanakisomo. Achore kwamba ugonjwa huu hauambukizi. Nitapeleka ofisini kwa Katibu Kata, nipige muhuri, nibandike kabla ya Jumapili. Nani atabishana na muhuri?"

Akaacha karatasi sita za manila na kopo la rangi nyekundu ya kuandikia magunia.

Felisita alichora siku tatu. Alitumia mkaa kwa weusi, bluu ya kufulia kwa nguo, na rangi nyekundu kidogo sana, kwa vitambaa vya kichwa tu. Kila karatasi aliigawa mara mbili. Upande wa kushoto alichora mwanamke amekonda, ameketi peke yake, anakula kwenye kigae, majirani wamempa mgongo. Upande wa kulia mwanamke yuleyule amenenepa, mkono wake umo bakuli moja na mikono ya wengine. Chini akaandika kwa herufi kubwa: UGONJWA HUU WA UTUMBO HAUAMBUKIZI. TUSIWATENGE WAGONJWA. TULE PAMOJA.

Uso aliochora ulikuwa wake mwenyewe.

"Kwa nini wewe?" mama alimuuliza. "Si uchore mtu yeyote."

"Nikichora mtu yeyote watasema ni ugonjwa wa huko Maswa. Mimi wananijua."

"Huoni haya?"

"Mayu, haya yangu yaliisha siku niliyoshushwa kwenye ile baiskeli."

Siku ya nne homa ilimwangusha, akalala. Ng'washi akatandaza karatasi zikauke, akamwita jirani yake, mama Shija, azitazame. Mama Shija hakujua kusoma. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Huyu Felisita," alisema akionyesha kushoto. Akaonyesha kulia. "Na huyu? Dada yake?"

"Ni huyohuyo."

"Sasa kipi ni kipi? Tumwache peke yake au tule naye?"

Ng'washi alizitazama karatasi upya. Mkutano ulikuwa umebaki na siku nne, Joakim angefika mchana ule kuchukua karatasi, na ikiwa mama Shija aliyejifungua naye msimu mmoja haelewi, Mahona ataelewa nini? Alisimama akawaza. Akakumbuka picha za kampeni ya Mtu ni Afya zilizobandikwa ofisi ya TANU. Kila mtu alizielewa zile, hata vikongwe. Nzi, na alama nyekundu juu yake. Maji ya bwawa, alama nyekundu. Kinyesi kichakani, alama nyekundu. Na kwenye kisomo Felisita mwenyewe alimfundisha: mkasi, mistari miwili iliyokatana, ni kosa, mstari wa kupinda ni vema.

Akaenda mlangoni, akachungulia. Felisita amelala, mdomo wazi, midomo imepasuka. Hakumwamsha. Alichukua kopo, akachovya kidole. Upande wa kulia aliweka vema ndogo pembeni, kwa kuwa hakutaka kuharibu nyuso za watu. Upande wa kushoto aliweka mkasi mkubwa, pembe hadi pembe, karatasi zote sita, ili asibaki mtu wa kusema hakuona kwamba kumtenga mwenzio ni kosa. Mistari ilikutana katikati. Katikati ndipo alipokuwa ameketi Felisita.

Joakim alipofika alitazama saa, akatazama picha.

"Safi sana, mayu. Sasa zimekuwa za serikali kabisa."

Alhamisi zilikuwa ukutani: ofisini, dukani, shuleni, kisimani, penye ghala la pamba, na moja nyumbani kwa Mahona. Kila moja ilikuwa na muhuri wa bluu wa kata. Joakim akapanda baiskeli yake kwenda semina ya mwezi na nusu Maswa.

Ijumaa asubuhi moto wa Ng'washi ulikuwa umezimika. Alichukua kigae, akaenda kwa mama Shija kuomba kaa, kama alivyofanya mara mia. Mama Shija alisimama mlangoni, hakumpisha.

"Rudisha mguu, dada. Sina dume la kulipa."

"Dume la nini? Dagashida si mpaka Jumapili?"

"Dagashida ya nini tena? Serikali imekwisha sema. Nimeona picha."

"Wewe uliiona hapa kwangu!"

"Niliiona haijakamilika," mama Shija alisema, na macho yake yalikuwa ya huruma kweli. "Sasa nimeelewa. Huyu amepigwa alama kama nzi. Na hawa wa upande wa pili, tangu aondoke, tazama walivyonenepa. Wanakula kwa raha."

Ng'washi alikwenda hadi kisimani akaitazama karatasi kwa macho ya mtu asiyesoma. Akaona alichokiona mama Shija. Hakikuonekana kitu kingine. Wanawake walishusha ndoo zao wakasogea mbali. Mtoto wa mmoja wao alimwambia bila ubaya wowote, kama anayetoa habari, "Bibi, mwalimu wa mama amefutwa."

Alipofika nyumbani Felisita alikuwa ameketi kizingitini. Wanakisomo wake wawili walikuwa wamempitia kumrudishia madaftari, wakayaweka chini njiani, hatua ishirini kutoka mlangoni, na kumweleza habari kwa kupaza sauti.

"Nani aliweka alama?" Felisita aliuliza.

Ng'washi alianza kuokota madaftari.

"Mayu."

"Nilitaka waelewe."

Felisita alicheka. Alicheka hadi akashika tumbo kwa mikono miwili, na kicheko kikageuka, akakimbilia uani. Mlango ulilia. Alipotoka alisema tu, "Wameelewa."

Jumapili wanaume walikaa chini ya paa la ghala. Mahona aliikunjua karatasi aliyoibandua kwake. Mwanamke hasemi dagashida, lakini Ng'washi alisimama nyuma akasema kwa sauti iliyomtoka vibaya, "Wazee wangu, hiyo alama si ya serikali. Ni mimi niliyeiweka, kwa kidole hiki."

Mzee mmoja akauliza, "Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Nilikuwa na maana kwamba..."

"Basi wenzangu," Mahona alimkatiza, mikono amefungua kama anayewakaribisha chakula, "tunasumbuka nini? Hata aliyemzaa amemfuta!"

Walicheka. Hata wale waliokuwa na huruma walicheka, maana lilikuwa limesemwa vizuri. Ng'washi aliendelea kusema, bakuli moja, kitanda kimoja, barua ya daktari, lakini kicheko cha wanaume wengi kina njia yake. Kikishaanza hakisubiri maelezo. Kilipokwisha, neno lilikuwa limekwisha pia. Felisita arudi kwenye mahame, mji wao wa zamani ambao wote waliuacha walipohamishwa. Anayemfuata amemfuata. Kufikia Jumatano moshi usionekane kwao.

Ng'washi alimfuata. Wanawe wa kiume walikuwa Geita kulima pamba. Hakuwa na wa kumwachia.

Mahame yalikuwa mwendo wa saa mbili. Paa zilibomolewa siku ya kuhamishwa ili watu wasirudi, na kuta zilikuwa zimeanza kurudi udongo. Ng'washi alifunika pembe moja ya nyumba kwa mabua. Walikula michembe na mlenda. Vidonge vya manjano viliisha wiki ya pili. Wiki ya tatu uani hapakuwa na mlango wa kulia, na Felisita hakuwa na nguvu za kutoka, kwa hiyo mama hakuwa na cha kusikiliza. Alibadilisha majani, akafua vitambaa, akatandika, akafua tena. Mara moja Felisita alimwomba mkaa, akachora ukutani mstari mmoja wa mgongo wa mtu, akachoka.

Alikufa wiki ya sita, adhuhuri, jua likiingia kwa juu.

Ng'washi alianza kuchimba peke yake pale palipokuwa zizi, kwa kuwa udongo wa zizi ni laini. Mwanamke hachimbi kaburi, alichimba. Alikuwa amefika magotini aliposikia kengele ya baiskeli. Ni Joakim, amevaa kofia, na bahasha mkononi.

"Mayu, nimewatafuta kijiji kizima, hakuna anayesema mlipo. Nina habari njema. Wilayani wamezipenda zile picha. Wanasema kwa mara ya kwanza wananchi wameelewa picha bila kuelezwa. Wanataka sitini, na alama zake vilevile. Felisita yuko wapi?"

Ng'washi alionyesha kwa jembe. Joakim akaona mabua, akaona nyayo mbili za miguu zimetoka chini ya kanga. Akavua kofia.

"Nisaidie kuchimba," Ng'washi alisema.

Alichimba. Lazima isemwe kwamba alichimba vizuri, hadi kiunoni, shati likalowa. Wakati huo hakutazama saa. Kisha Ng'washi alimfunga mwanawe ndani ya kanga mbili, akashika mabega, akangoja.

"Shika miguu."

Joakim alisimama ukingoni. Alijifuta viganja kwenye suruali. Akajifuta tena. Alitazama kanga ya chini, mahali ilipolowa.

"Nina watoto wadogo, mayu," alisema.

Ng'washi aliteremka shimoni kwanza, akanyoosha mikono juu, akamvuta Felisita kwa mabega taratibu, mwili ukamteremkia kifuani, kichwa begani kwake, kama anavyobebwa mtoto aliyesinzia. Hakuwa na uzito wa kumshinda. Joakim alikuwa tayari ameshika baiskeli.