Sauti ya Mtu wa Kerala

Katika jumba la video la mabati, hapa Bunia, mtafsiri wa filamu hunywa kwanza tangawizi ya moto, huvua viatu, kisha huishika mikro, kipaza sauti chake, kwa mikono miwili. Kimalayalam, lugha ya filamu hizo, hajui hata neno. Huangalia macho na mikono ya waigizaji, kisha husema. Miaka ishirini amemsemea kwa Kiswahili mwigizaji mmoja wa Kerala, kule India: tangu kijana anayeposa hadi mzee anayekohoa, naye hukohoa pamoja naye. Jumatatu simu ikamletea habari kwamba mwigizaji huyo amefariki. Mchana akaweka filamu yake, mikro ikalala mapajani.

“Papa, iko anasema nini?” akauliza mama mmoja.

“Leo mumuache aseme ye mwenyewe.”

Watu wakakaa mpaka mwisho. Mtafsiri midomo ilikuwa ikimcheza, bila sauti.