Mguu wangu umeenda Leparua, mimi nimebaki Kiwanjani

Salaam aleikum ndugu na dada wa page hii, na wasio Waislamu habari zenu. Admin, jina langu lifiche kabisa, Isiolo ni mji mdogo. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nane, nakaa Kiwanjani, nauza maziwa ya ngamia. Shule niliachia darasa la sita, mkiona makosa mnivumilie. Naandika nikiwa na hasira. Nimemwomba Mungu aniondolee tangu Ramadhani iishe, bado iko hapa kifuani.

Miaka mitano iliyopita nilipata ajali ya boda, nikakatwa mguu wa kulia chini ya goti. Nilipopewa wa bandia niliuchukia. Mzito, baridi, nilikuwa nauita "mgeni". Halafu siku gani sijui, mgeni akawa mwenyeji. Nikikanyaga kokoto najua ni kokoto, nikifika lami najua ni lami. Mbuzi wa jirani aliukanyaga siku moja nikapiga kelele, "Woi, mguu wangu!" kabla sijakumbuka ni plastiki. Na vile vidole vilivyokatwa, ambavyo vilikuwa vinaniwasha na kuniuma hewani, vikatulia. Ni kama vilipata nyumba. Hata nikitawadha nilikuwa naupangusa na maji. Ustadhi aliniambia si lazima. Nikamwambia najua, lakini nitasimamaje mbele ya Mola mguu mmoja una vumbi?

Sasa sikieni. Kigutu kilitoka kidonda, hospitali wakaniambia nisivae mguu wiki mbili. Nikauegemeza kando ya kitanda, nikaenda darsa ya akina mama kwa jirani na magongo. Kurudi, mahali pake ni patupu. Mzee wangu, yaani bwana yangu, amekaa anakunywa chai.

"Mguu wangu uko wapi?"

"Umeenda Leparua."

"Umeenda bila mimi?"

Kumbe binamu yake wa kijiji cha Leparua, nitamwita Wario, ambaye alikatwa mguu huo huo wa kulia mwaka jana, alikuwa anaoza binti yake na hakutaka wageni wamkute kwa magongo. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mzee, akaja kumwombea huo mguu. Mzee akauchukua kama jembe akampa. "Si ni dabare tu, mama," akaniambia. Kwa wasiojua, dabare ni desturi yetu Waborana: jamaa akiwa na shida unampa ng'ombe wa maziwa akae naye, siku akijiweza anarudisha. "Kama tunatoa ng'ombe, plastiki ni nini? Na wewe unakaa tu nyumbani."

"Ng'ombe anaenda na miguu yake minne! Mimi umeniachia mmoja!"

Alicheka. Wallahi alicheka. Na hiyo nyumbani anayosema nakaa, ni mimi natoka alfajiri kupokea mitungi ya maziwa.

Harusi nilienda na magongo. Nikaona mguu wangu mwenyewe ukipita katikati ya wageni ndani ya suruali ya mwanaume. Anauvuta, kidole kinaangalia ndani, na kila akikanyaga vibaya mimi niliyekaa kwenye mkeka ndiyo nasikia uchungu. Watu wanampongeza, "Wario, umesimama!" Nikajiambia ni siku moja tu.

Leo ni miezi miwili. Vidole vyangu vimerudi hewani, usingizi sina. Nilimpigia Wario simu kwa heshima, nikamwambia shemeji, huo mguu ulipimwa kwa kigutu changu, utakuumiza, nenda hospitali nawe upimwe wako. Akasema, "Mama, najaza vitambaa ndani, unanitosha. Sitakudanganya. Wiki za kwanza niliuona kama mzigo. Sasa nikiuvua jioni naona kama nimekatwa tena. Umeshakuwa wangu."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipomalizika. Angeniambia kitu kingine ningemtukana. Lakini hayo maneno ni yangu, nayajua kutoka ndani. Na mke wake ameniambia kwa siri kuna kidonda kinatoka maji, anakificha ili asinyang'anywe.

Shemeji mkubwa anasema ni aibu kudai dabare wakati mwenye shida bado ana shida. Jumamosi hii wanakuja kwangu, wazee na Wario mwenyewe, wanataka niseme mbele ya watu kwamba nimempa kwa moyo safi. Mzee wangu amenionya: "Ukikataa, umenivua nguo mbele ya ukoo." Nikamwuliza, na wewe ulinivua nini? Akachukua kofia yake akaenda msikitini. Mimi nikabaki nasali kwenye kiti, nalia na kusali.

Msiniambie nisubiri mwingine. Kupimwa ni safari na foleni, na hata nikiupata, kuuzoea nitaanza upya, tena nikiwa na bwana ambaye bado haoni alichukua nini.

Nikiudai, namkata mtu mguu mbele ya ukoo wake. Nikinyamaza, kidonda kitamla yeye, na mimi nitakuwa nimekatwa mara ya pili, safari hii kisu kikiwa mkononi mwa bwana yangu. Nyinyi mnaoogopa Mungu, nishaurini. Jumamosi nikiinuka na haya magongo, niseme nini?