Vazi la Magunia

Nahodha wa timu yetu alikuwa dereva wa lori la makontena katika Bandari ya Jeddah, mtu wa Mombasa, na sauti yake ilisikika hata winchi zikiwa kazini. Siku mdunguaji wetu, yule wa kujificha na kupiga kutoka mbali, alipomaliza mkataba akarudi kwao, nahodha alitutazama sote tuliokaa nyuma ya ghala, kisha akaninyooshea kidole mimi.

"Bubu," alisema, maana ndivyo alivyoniita tangu siku ya kwanza, "ni wewe. Kazi ya mdunguaji ni kulala na kunyamaza. Kunyamaza unakujua. Kulala tutakufundisha."

Wenzangu walicheka. Mimi nilifurahi mpaka nikaona haya, nikainamisha uso.

Tulikuwa tukicheza kila Ijumaa kwa bunduki za mchezo, zile zinazorusha vigololi vya plastiki. Ukipigwa unainua mkono, unasema "nimekufa", unatoka. Mimi hata hilo neno moja lilinikwama kooni. Nilikuwa nimesoma skuli ya msingi tu, kisha nikaingia kazini kupanga mizigo pamoja na baba, na mbele ya watu ulimi wangu ulikuwa mzito. Mwaka mzima walikuwa wameniweka nyuma nilinde bendera. Sasa tulikuwa tumealikwa Riyadh, kucheza na madereva wa huko, na zilibaki wiki mbili.

"Ijumaa moja tu nakupa," nahodha alisema. "Ukitolewa kabla hujampata mtu, unarudi kwenye bendera yako."

Jioni ile ile tulikwenda dukani. Miaka ile ya neema ya mafuta meli zilipanga foleni nje ya bandari, na ukitaka kitu chochote duniani, kilikuwa kimeshafika Jeddah kabla hujakitaka. Ukuta mzima ulikuwa umejaa bunduki za mchezo. Nahodha alinipa moja nyeusi, ndefu kuliko mimi, yenye darubini nene kama chupa ya chai.

"Yalla, jaribu," mwenye duka alisema.

Nililala sakafuni pale pale, wateja wakanipita kama wanaovuka mfereji. Bunduki ilikuwa nzito, mtutu ukagonga rafu. Nikaona nyingine pembeni, fupi, ya rangi ya udongo, ya kuvuta komeo kila unapopiga. Mvuto mmoja, kigololi kimoja. Nilipoifyatua ililia kidogo tu, kama mtoto anayekohoa usingizini. Niliipenda papo hapo.

"Hiyo? Mbona kama ufagio!" nahodha alisema.

Nilitikisa kichwa, sikuiachia. Nikachagua vigololi vizito, kwa sababu vile vyepesi upepo huvichezea kama makapi. Nikachagua darubini ndogo, na nyumbani nikaifunika kioo kwa kipande cha soksi nyembamba ya dada yangu, isije ikameta juani. Juu ya bunduki kulikuwa na kiskrubu cha kukizungusha kigololi kinapotoka, ili kielee na kufika mbali. Jioni tatu nilikaa nyuma ya ghala nikikigeuza kidogo kidogo, nikipiga makopo ya juisi. Kopo la mwisho lilipoanguka kutoka mbali kule, nilipiga makofi peke yangu.

Kitu kimoja nilikikataa. Nahodha alikuwa ameweka bastola ndogo mezani mle dukani. "Chukua na hii. Bunduki yako ina nguvu, huruhusiwi kumpiga nayo mtu aliye chini ya hatua thelathini. Wa karibu unampiga kwa bastola, au unamwambia kwa sauti ajisalimishe."

Niliirudisha. Nani angenikaribia mimi? Nilikuwa najua kujificha tangu utotoni, kila wageni walipobisha hodi.

Likabaki vazi la kujifichia. La dukani lilikuwa na majani ya kijani. "Riyadh utaonekana kama fungu la mchicha," nahodha alisema. Basi nikaokota magunia chakavu bandarini, nikayapeleka nyumbani kwetu Al-Mahjar. Mama alifumua nyuzi, mimi nikazifunga moja moja kwenye wavu wa mizigo. Tukazichovya katika chai kavu isiyo na maziwa, zikawa rangi ya mchanga wa Jeddah. Lakini nahodha, aliyekuwa akipeleka mizigo Riyadh kila wiki, aliniletea mchanga wa huko katika chupa ya soda. Ulikuwa mwekundu.

Mama aliuangalia, akaingia ndani, akatoka na bakuli la hina. "Mchanga gani huu, umepambwa kama biharusi," alisema, akaanza kupaka. Vazi lilipokauka nikalivaa, nikalala uani penye kifusi. Mama alitoka, akaniita mara mbili, na mguu wake ulikuwa karibu na kichwa changu. Nilicheka mpaka nikala vumbi.

Alhamisi asubuhi, tulipokuwa tunaondoka, nilikuta vazi limetandazwa juu ya kiti, na chini yake chetezo kinafuka moshi wa udi.

"Mama!"

"Mama kitu gani? Linanuka gunia. Uende kwa watu Riyadh, waseme huna kwenu?"

Nililichukua, nikalikung'uta. Nilijiambia upepo wa njiani utautoa.

Haukuutoa. Ijumaa asubuhi, katika shamba la kukodi nje ya Riyadh, nililala chini ya kichaka, jua likapanda, magunia yakapata moto, na udi ukaamka. Mara nikasikia watu wawili nyuma yangu, madereva wa Kikenya wa timu ya Riyadh.

"Buda, unasikia hiyo harufu?"

"Kama harusi."

"Harusi gani huku jangwani?"

"Labda kafili mwenye shamba anachoma udi kule kwa nyumba."

"Wacha! Inatoka hapa hapa. Fuata pua."

Walifuata pua. Buti la mmoja lilisimama karibu na kiwiko changu. Bunduki hairuhusiwi, bastola iko dukani Jeddah, na hatua moja zaidi angenikanyaga. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikaiona akilini ile bendera, na mimi kando yake kila Ijumaa.

"Jisalimisheni!"

Sijui sauti ile ilikuwa imekaa wapi. Mmoja alianguka kwa makalio, mwenzake akatupa mikono juu.

"Wallahi, mchanga umeongea!"

"Tumekufa, bro, tumekufa, usitupigie kelele!"

Nilitambaa mbio hadi kichaka cha pili, kwa kuwa sasa shamba zima lilijua nilipo. Mtu wa tatu alikuja kunitafuta. Alikuwa mbali, mbali kuliko makopo yangu. Nikavuta pumzi, nikavuta komeo, nikafyatua. Kigololi kilielea, kikanyooka, kikatua kifuani pake. Akainua mkono akiangalia upande mwingine kabisa.

Wakati wa mapumziko nahodha alikuja, akanusa bega langu mbele ya timu zote mbili.

"Nafasi ni yako," alisema. "Lakini uchague kimoja, kubeba bastola au kuacha udi. Huwezi kuja bila silaha ya karibu na huku unanukia kama bwana harusi."

"Bastola," nilisema, kwa sauti, kabla hajamaliza. "Udi siwezi kumkataza mama."