Madodoso tisa ya nyumba kumi: nilivyokaribia kumfukuzisha Mama Severini mjini

Wakuu, salaam. Wenye shikamoo zenu nimezipokea, marahaba, sasa tukae tuongee.

Jana humu kuna kijana kafungua uzi. Anasema kahoji wagonjwa wa tumbo mtaani kwake, wote wamekiri wanakunywa juisi ya miwa ya jamaa fulani, kwa hiyo juisi ndiyo inaua watu. Comments zikamiminika. Mnampongeza. Wengine mnataka muuza juisi akamatwe.

Nilisoma uzi wote hadi mwisho. Kule sikuchangia kitu, nimeona nianzishe uzi wangu.

Haya nimeyafanya mwenyewe, sikusimuliwa. Majina nimebadilisha na mtaa sitautaja, ila ni Temeke. Na sitajipendelea, mtaona wenyewe.

Ilikuwa miaka ya sabini, Ujamaa umepamba moto. Mie binti wa miaka ishirini na kidogo, naishi kwa dada yangu Kinondoni, nimepata nafasi kwenye kozi ya watumishi wa afya. Tunafundishwa utafiti: namna ya kutunga dodoso, kuchagua nyumba za kuhoji, kujumlisha majibu.

Aliyetufundisha takwimu tumwite Mwalimu Joakimu. Mtu wa Bukoba, mkimya, shati jeupe limepigwa pasi hadi linasimama. Hakuwa mkali, ila akikuuliza swali moja unashinda nalo siku nzima.

Mie niliyadharau yale masomo, nasema ukweli. Kuuliza watu maswali kunahitaji kozi? Nimezaliwa Dar, mdomo ninao.

Basi ikatokea watoto wanahara na kutapika mtaa mmoja kule Temeke. Bwana afya wa eneo akaomba mwanafunzi wa kumsaidia kujua chanzo. Nikapangiwa mie. Nikapewa madodoso, penseli mbili na siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa.

Sasa vijana hamkuyaona haya, ngoja niwaeleze. Enzi hizo mtaa unagawanywa kwa nyumba kumi kumi, na kila nyumba kumi zina balozi wa chama. Mgeni huingii bila balozi. Ukitaka sukari duka la ushirika, barua ya balozi. Ukitaka kumsajili mtoto shule, barua ya balozi. Ukigombana na mumeo, mnakwenda kwa balozi.

Balozi wa pale alikuwa Mzee Pazi. Sitaki mumchukie. Alikuwa mzee mpole, kofia safi, anajua kila mtoto kazaliwa lini. Nilimpa shikamoo akaniambia, "Marahaba mwanangu. Hapa hutahangaika, nitakutembeza mwenyewe nyumba kwa nyumba."

Nikafurahi kweli. Ndiyo adabu ya kazi, nani angekataa?

Jumatatu na Jumanne tukazunguka. Nyumba zile za vyumba sita, kila chumba familia. Tunaanza kwenye vyumba vyenye wagonjwa. Balozi anabisha hodi, anaketi kwenye kigoda pembeni, mie nauliza naandika. Mtoto kala nini? Kanywa nini? Maji mnachota wapi? Mnachemsha?

Maji, wote jibu moja: bomba la kwenye kiwanda cha wachonga vinyago, na tunachemsha. Sikushtuka. Nikaandika "bomba", "bomba", "bomba", mwandiko mzuri wa kupendeza.

Ila kwenye kinywaji, wakuu, nikaona nimepata. Karibu kila mgonjwa kanywa togwa ya Mama Severini.

Huyu alikuwa mama wa Songea, mjane mwenye watoto wawili, ana kibanda karibu na wale wachonga vinyago. Mtungi mkubwa, vikombe vya bati, watu wanapanga foleni kuanzia asubuhi. Nikamuona kwa mbali tu. Nikasema moyoni, kumbe ni wewe.

Kosa langu la kwanza hili hapa. Jumanne mchana sikurudi kwa Mwalimu Joakimu. Nilikwenda moja kwa moja kwa bwana afya nikamwagia habari yote, kifua mbele.

Bwana afya alikuwa mtu wa vitendo. Hakuuliza la pili. Akaenda pale kibandani na mie niko nyuma yake, akamwambia yule mama mbele ya wateja kwamba Ijumaa saa nne anakuja kuvunja mtungi na kufunga kibanda. Halafu akaongeza, "Na kwa kuwa utakuwa huna kazi, lori litakuwa tayari."

Lori maana yake mnaijua, au waulizeni wazazi wenu. Siku zile ukikutwa mjini huna kazi inayotambulika unapakiwa, unarudishwa kwenu ukalime. Mama Severini kwao hakubakiwa na mtu. Shamba la mume lilishachukuliwa na shemeji zake.

Bwana afya alipoondoka yule mama akanisogelea. Hakupiga kelele.

"Binti, umeuliza nyumba zote hizi?"

"Ndiyo mama."

"Mie mbona hukuniuliza? Watoto wangu wanakunywa togwa hii asubuhi na jioni. Umekuja kuwaona kama wanaumwa?"

Nikajifanya napanga makaratasi.

Jumatano asubuhi nikampelekea Mwalimu Joakimu kazi yangu. Akapitia karatasi moja moja, taratibu, nami nimesimama. Mwisho akavua miwani.

"Hawa wote ni wagonjwa?"

"Ndiyo Mwalimu."

"Wazima wanakunywa nini?"

Basi, hicho tu. Akavaa miwani akaendelea na mambo yake.

Wazima sikuwauliza kabisa. Nilikuwa nimefundishwa somo zima la kundi la kulinganisha, nimeliandika kwenye daftari na kulipigia mstari, na nilipofika mtaani nikalisahau.

Nikarudi Temeke mbio. Balozi wa watu akaacha shughuli zake, tukazunguka tena, safari hii kwa wale ambao watoto wao hawana neno. Wanakunywa togwa? Wanakunywa tena sana. Watoto wa wachonga vinyago ndio usiseme, wanaishi pale kibandani, wana afya utadhani wanalipwa. Watoto wa Mama Severini niliwakuta wanaruka kamba.

Kwa hiyo togwa ilikuwa kwa wagonjwa na kwa wazima. Haikuwa inatofautisha kitu. Ni kama ningesema wote wanaoumwa wamevaa kandambili.

Nikamfuata bwana afya, nikamwambia nimekosea. Unajua alinijibu nini? "Kama siyo togwa ni nini? Nimeshapeleka taarifa juu. Niletee kingine cha kuandika, la sivyo Ijumaa saa nne nipo pale."

Kingine sikuwa nacho. Maji yote bomba, yote yamechemshwa. Usiku ule dada alinipakulia chakula nikakiangalia tu.

Alhamisi asubuhi nafika mtaani, nakuta turubai limefungwa.

Kuna mtoto alikuwa anaitwa Hadija, miaka mitatu, nilimwandika Jumatatu kwenye karatasi ya wagonjwa. Alikuwa amekaa kwenye mapaja ya mama yake, kanishikia penseli nikiwa nauliza. Alikuwa amefariki alfajiri.

Nikaingia msibani. Wanaume wamekaa nje chini ya turubai, balozi akiwa mmoja wao. Wanawake tuko ndani, na mie ndani na wenzangu, nimejifunga kanga ya kuazima. Maiti inatakiwa kuoshwa. Shangazi wa marehemu akatoa kichwa mlangoni akamwambia jirani:

"Lete ndoo mbili. Kachote kwa balozi."

Nikainua uso. "Shangazi, si kuna bomba kule kiwandani?"

Akanitazama kama mtu aliyetoka mbali. "Bomba ni mwendo, na likitoa maji ni la wanaokaa kule. Huku sote tunachota kisimani kwa balozi. Miaka yote."

Wakuu, mle chumbani mie ndiye niliyekuwa na karatasi ya yule mtoto kwenye mkoba. Imeandikwa bomba. Kwa mkono wangu.

Mama Hadija alikuwa ameegemea ukuta, macho yamevimba. Alisikia. Akasema kwa sauti ndogo, "Ungefanyaje na wewe? Kisima kachimba kwa mikono yake, hatutozi kitu. Na yeye kaketi pale kwenye kigoda ananisikiliza. Niseme maji yake yana nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa niliwafanya nini wale watu. Siku zote tatu sikuwa nauliza watu. Nilikuwa nawalazimisha wamridhishe balozi.

Nililia, na watu wakadhani namlilia mtoto tu.

Baada ya maziko wanawake wakabaki mle ndani, kama ilivyo ada, na kati ya uji na dua nikawauliza mmoja mmoja, kwa heshima, bila karatasi. Maji wapi, unachemsha kweli? Wakanijibu, mkaa wenyewe wa kupikia ugali unasumbua, maji utayachemshia nini? Wenye wagonjwa, isipokuwa wawili, walikuwa wa kisimani. Wa bombani karibu wote wazima. Mmoja akaniambia tangu mvua kubwa zianze maji ya kisima yana harufu, na choo cha nyumba iliyo juu ya kisima kimetitia, kinavujia chini. Walijua. Walikuwa wanaongea wenyewe kwa wenyewe tangu mwanzo.

Nilifika nyumbani nikapanga madodoso sakafuni kwa mpangilio wa nyumba. Nikahesabu nyumba. Tisa.

Nikahesabu tena. Eneo la balozi ni nyumba kumi, nina nyumba tisa. Ya kumi ilikuwa ya balozi mwenyewe. Alikuwa ananitembeza, kwa hiyo hakuna hata mara moja tulipobisha hodi kwake.

Ijumaa saa moja asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Mzee Pazi. Nilikuwa nani mie? Mtu mmoja tu akisema nimemvunjia balozi heshima, kozi yangu imekwisha.

"Shikamoo balozi."

"Marahaba mwanangu. Leo tunakwenda wapi?"

"Leo zamu ya hapa kwako, mzee. Nyumba ya kumi sikuiandika."

Akacheka kidogo, akaona mie sicheki. Akakaa. Mkewe akatoka akasimama mlangoni.

Nikauliza kama nilivyouliza kila nyumba, maneno yaleyale. Mnaishi wangapi? Akajibu. Maji mnachota wapi?

"Kisimani kwangu." Alijibu kwa fahari kabisa.

Mnachemsha?

"Maji yangu ni safi, mwanangu."

Kuna mtu humu ndani anayehara au kutapika wiki hii?

Akaangalia kofia yake mkononi. Aliyejibu ni mkewe.

"Zubeda. Mjukuu wetu. Siku ya tatu leo, yuko chumba cha nyuma. Babu yake alisema balozi hawezi kuonekana na ugonjwa wa uchafu nyumbani."

"Mke wangu," mzee akasema.

"Hadija tumemzika jana, Pazi. Unataka na huyu?"

Nikaandika. Mwandiko wa ile karatasi ni mbaya kuliko yote. Halafu nikamwambia yote, ya wanawake msibani, ya choo kilichotitia, ya Mama Severini na lori. Sikutaja aliyesema nini. Hakunikatisha. Nilipomaliza akaomba ile karatasi, akaisoma pole pole, akaikunja akatia mfukoni.

Mie nikajua basi, imekwisha.

Saa nne lori likafika kibandani, bwana afya na mgambo wawili. Mama Severini amekaa juu ya furushi lake, watoto kando. Balozi akatokea, kambeba Zubeda kifuani, mtoto kalegea shingo. Watu wakamfuata nyuma.

Akamkabidhi bwana afya karatasi yangu. Akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Ni kisima changu. Watu wangu waliogopa kunisema. Hili lori lipeleke watoto hospitali."

Bwana afya akasoma, akatuangalia, akaikunja akaitia kwenye faili. Wakapakia wagonjwa. Mkewe balozi alikuwa hajiwezi kwa kulia, na aliyepanda na Zubeda mapajani ni Mama Severini.

Zubeda alipona. Kisima balozi alikifukia mwenyewe, hakutaka msaada. Mama Severini aliendelea na togwa yake miaka mingi. Nikipita alinimiminia kikombe kama mteja yeyote, ila hakuwahi hata siku moja kuniita mwanangu, na sikumlaumu.

Hadija ninaye moyoni mpaka leo. Jumatatu alikuwa hai kanishikia penseli. Jumatatu hiyohiyo ningemuuliza mama yake tukiwa wawili tu, tungekuwa na siku tatu nzima.

Nilikuja kuifanya kazi hii hadi kustaafu. Vijana niliowafundisha niliwaambia mambo mawili kabla ya hesabu yoyote. Kawaulize na wazima. Na anayekutembeza, hata awe mwema kiasi gani, mwache nje, halafu rudi umuulize na yeye.

Kijana wa juisi ya miwa, kama unasoma, sijakuja kukuumbua. Nenda leo kawaulize ambao hawaumwi.

Na nyie mliowahi kuzunguka mitaani na dodoso, sensa, chanjo, mradi wowote, hebu niambieni: nani alikuwa anawatembeza, na nyumba yake mliiandika?