Siku Niliyolitolea Ushuhuda Bao la Daraja la Nne

Aibu hii nimeikalia tangu Mei, lakini kwa kuwa Anti Njoki, aliyekuwepo siku hiyo, ameshaisimulia kanisani, kwenye harusi za watu na kwenye maegesho ya duka la mboga, afadhali nami niwape toleo langu, maana ni mimi ninayejua kilichokuwa sikioni mwangu.

Chanzo ni kiburi. Wanaume wa kanisa letu hapa Minneapolis wote ni wa zile timu kubwa za Uingereza, na yangu ilipokuwa ikipigwa kila wikendi walinicheka mpaka nikaihama, nikajitafutia timu ya daraja la nne kule Uskoti, ya kimji ambacho kondoo ni wengi kuliko mashabiki, ili asiwepo Mkenya wa kunicheka. Isitoshe mechi zao huanza saa tatu asubuhi kwa saa zetu, wakati mimi ndio natoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee Golden Valley. Basi msimu mzima wakafungwa, na mimi mjinga nikapenda kweli, kupenda kule kwa kujua mpaka jina la beki wa akiba. Walimaliza mkiani, ikabaki mechi moja ya mtoano: wakipoteza, wanatupwa nje ya ligi.

Mechi hiyo ikaangukia Jumamosi ya mimi kwenda kujitambulisha kwa kina Wairimu, mchumba wangu.

Mwenye akili angezima simu. Mimi niliacha kidude kimoja tu cha kusikilizia, sikio la upande wa ukutani. Mimi na watu wa upande wangu tukafika Plymouth, kitongoji cha hapa hapa Minneapolis, kwa Anko Kariuki, ambaye huku ughaibuni ndiye baba wa Wairimu na ndiye wa kusema ndiyo au hapana, tukaimba mlangoni kama ilivyo desturi, muziki ukitoka kwenye simu yangu niliyoiunganisha na spika kubwa ya kanisa (wenye akili hapo wameshaliona shimo). Tukafunguliwa, chai ikamiminwa, Anko akasimama kuomba, na maombi ya Anko, jamani, huanzia kwa Adamu.

Alipofika kwa Isaka na Rebeka, timu yangu ikasawazisha. Niliruka na kiti, mikono juu, macho nimeyafumba kwa heshima ya maombi, nikapiga ukelele wa "Ndiyo! Ndiyo!" Kama wangenyamaza ningejifia pale pale, lakini Anti Njoki akaitikia haleluya, wengine wakafuata, mama mmoja akaanza kulia, na Anko akaniwekea mkono kichwani akatangaza kwamba Roho ameshuka nyumbani kwake, kijana atoe ushuhuda.

Nikautoa. Nikasema nimeonyeshwa mimi na Wairimu tukipanda mlima wenye nuru, na Anko yuko kileleni anatungoja (Anko nilimwongeza ili apendezwe). Wairimu alinikazia macho, maana ukelele ule anaujua. Nilikuwa ndio naingiza malaika wakati kidude kilipokwisha chaji, simu ikarukia spika, na sebule nzima ikajaa mtangazaji wa Kiskoti, anayeongea kama anatafuna kokoto, akilia kwamba tumefungwa la pili dakika za mwisho.

Hata hapo ningeweza kujifanya sijui ni nini. Lakini nilishika kichwa mbele ya wakwe nikasema, "Huyu beki si nilisema atolewe?"

Anko aliinua mkono spika isizimwe, akasikiliza mpaka filimbi ya mwisho, akaketi, akanywa chai yake.

"Kijana, hiyo team yako ndiyo ime-relegate-iwa?"

"Ndiyo, Anko."

"Basi na wewe pia. Ikipanda, mrudi tuongee."

Nilidhani ni utani wa wazee mpaka msimu mpya ulipoanza, Anko akawa ananitumia matokeo yao kila Jumamosi, bila salamu. Nimeapa sitavaa tena kitu sikioni mahali watu wanaomba, na kiapo hicho nitakitunza, lakini hakibadilishi msimamo wa ligi. Tuko nafasi ya nne. Wairimu alininunia miezi miwili, sasa saa tatu asubuhi tunakaa naye mbele ya simu, na wiki jana yeye ndiye aliyemtukana refa. Harusi yangu, ndugu zangu, imo mikononi mwa kipa ambaye Jumatatu hadi Ijumaa ni fundi wa mabomba.