Kopo la Kicheko cha Kaka

Niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba vicheko vya askari wetu waliopigana Burma vilikuwa vimefungwa kwenye makopo, kila kopo na namba ya jeshi ya mwenyewe, vikingoja kuletwa kwa treni mpaka Same. Aliyenieleza alikuwa mpishi wa jeshi. Alisema msituni kule adui alikuwa akisikia kicheko maili nzima, kwa hiyo daktari alimtoa kila askari chake kwa sindano. Vita vikiisha, watu wanatangulia, mizigo inafuata. Nami nilikuwa nimehitimu kisomo cha ngumbaru majuzi tu, msomi kuliko mlima mzima, nikaona hapo hakuna la kuuliza.

Kwani kaka yangu alirudi bila kicheko. Huyu ndiye aliyekuwa akicheka migombani, ng'ombe wa Wamasai wakashtuka huko tambarare. Sasa alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba tangu asubuhi, koti la jeshi limefungwa vifungo vyote. Chakula hali, usiku halali. Shemeji akimpelekea makande anashukuru kwa adabu, kisha makande yanaliwa na kuku. Mtoto wake akianguka akalia, alimtazama kama mtu anayetazama mvua ya kijiji kingine.

Pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ilipopigwa, sote tulitoka na majembe kwenda kuzoa matope kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Yeye hakutoka. Mara ya pili hakutoka. Wazee wakatoza mbuzi, na mmoja akamwambia mama mbele za watu, "Mwanao ameonja mshahara wa Mzungu, matope yetu anaona yananuka. Akikosa mara ya tatu, zamu yenu ya maji tunaifuta."

Maharage yetu yalikuwa yameanza kutoa maua.

Nikashuka Same kwa miguu, safari ambayo nikiisimulia huwa ni ya siku tisa. Mkononi nilikuwa na barua ya mwandiko wangu bora, yenye namba ya kaka.

"Shikamoo, stesheni masta. Nimefuata kopo."

"Marahaba." Akaisoma barua. Nilingoja anicheke. Hakucheka.

"Wewe ni wa tatu," alisema. "Jana alikuja mama wa Maore kwa ajili ya mumewe. Kabla yake mzee wa Kwakoa. Mwanawe hata vitani hakwenda, alizika mke tu. Nikamwuliza, sasa huyo naye, mzee, kopo lake lilifungwa wapi? Akalia." Akanirudishia barua. "Hakuna makopo, kijana. Hapa yanashuka mabati na marobota ya nguo. Kaka mwenyewe umemwuliza?"

Mimi, mwenye maneno ya kujaza behewa, sikuwa nimemwuliza.

Niliporudi nilimkuta kaka pale pale kwenye kigoda. Nikaketi chini, nikampa barua. Aliisoma mpaka kuku wakazoea miguu yangu.

"Umeandika vizuri," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye hajaitumia mwezi mzima. "Lakini hawakunitoa kitu, mdogo wangu. Naumwa. Sina kidonda cha kukuonyesha, ila naumwa, tangu kule. Pembe naisikia. Naiambia miguu isimame, hainisikii. Kesho waambie wazee hivyo hivyo. Usiongeze chumvi."